Tundu la Pedali

Simu iliingia Jumamosi mchana, nikiwa barazani Muheza. Mpwa wangu ni muuguzi Nottingham, Uingereza, na siku zake za mapumziko hupiga simu ya video. Kwa kawaida huanza na maamkizi marefu: shikamoo mjomba, bibi hajambo, mvua zimenyesha, machungwa yameiva? Siku hiyo aliyakata. "Shikamoo mjomba. Niko dukani, ngoja kwanza nikuonyeshe kitu." Kamera ikageuka.

Nikaona baiskeli. Kijani iliyokolea, matairi membamba, usukani uliopinda kwenda chini kama pembe za kondoo dume, fremu laini isiyoonyesha ilipoungwa. Alikuwa ameiwekea akiba karibu mwaka mzima, maana wenzake wa wodini hutoka pamoja Jumapili kwenda kuendesha kwenye vilima vya Derbyshire, naye alichoka kusimuliwa. Kamera ikapita kwenye kiti, ikapita kwenye mnyororo uliokuwa bado unang'aa, ikafika kwenye ule mkono wa chuma unaotoka katikati ya baiskeli, ikatulia. Mwisho wa mkono palikuwa na tundu. Tundu tupu, la kuingia kidole cha shahada, na ndani yake hesi zinameremeta.

"Mjomba, haina pedali."

"Wamekuibia," nikasema.

"Hawajaniibia. Ndivyo zinavyouzwa."

"Basi irudishe! Nani anauza baiskeli haina pedali? Ni sawa na kuuziwa kiatu hakina soli."

Akacheka. "Na mimi nilimwambia hivyo hivyo muuzaji. Unajua kanijibu nini? Kaniuliza, 'Kwani wewe unavaa kiatu gani?'"

Mtandao ukakatika kama kawaida yake, nikabaki barazani na swali la mtu nisiyemjua, wa mji nisioujua, kuhusu kiatu.

Si kwamba sisi hatujazoea kununua vitu vyenye upungufu. Redio huja bila betri, taa ya chemli huja bila mafuta, jiko huja bila mkaa, na hakuna anayegombana na mwenye duka. Lakini betri huisha, mafuta huungua, mkaa hugeuka jivu. Hivyo ni chakula cha chombo, na chombo hulishwa na mwenyewe. Pedali hailiwi. Pedali ndipo mguu unapokutana na mashine, na katika Kiswahili chetu kazi ya mguu huo ina neno lake kabisa: kunyonga. Unaweza kuisukuma baiskeli isiyo na pedali, unaweza kuikokota, unaweza kuiegemeza ukutani ukaitazama. Huwezi kuinyonga. Nilichotaka kujua ni jinsi watu wenye akili zao walivyofikia kuuza baiskeli isiyonyongeka, tena kwa bei kubwa.

Nilipolifuatilia jambo lenyewe nikaona muuzaji yule hakuwa mjanja wala mpumbavu. Swali lake lilitoka mbali.

Anayeshindana mbio anaogopa kitu kimoja kuliko kupanda mlima: mguu kuteleza. Mguu ukiteleza kwenye pedali inayozunguka kwa kasi, pedali hurudi na kupiga muundi, na kila aliyewahi kupigwa hapo anajua maumivu yake. Kwa hiyo kwa miongo mingi waendesha mbio wa Ulaya walifungia miguu ndani ya vizimba vidogo vya chuma vilivyoshika vidole, na mkanda wa ngozi ukakaza juu. Mguu uliingia, mkanda ukavutwa, na kutoka kulitaka mkono uteremke uulegeze. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Cinelli ya Italia ilitoa pedali iliyonasa soli yenyewe, bila kizimba wala mkanda. Kasoro yake ni kwamba ili kutoka bado ilibidi mtu ainame na kusukuma kitasa kwa mkono. Fikiria unaanguka huku umeinama kutafuta kitasa. Waendeshaji wakaiita pedali ya kifo.

Jawabu lilitoka kwenye theluji. Look, kampuni ya Ufaransa iliyokuwa ikitengeneza vifungo vya viatu vya kutelezea theluji, ilijua tayari jinsi ya kumshika mtu kwa nguvu na kumwachia anapojipinda. Mwaka 1984 ikauhamishia ujuzi huo kwenye baiskeli. Kipande cha plastiki chenye umbo la pembetatu hufungwa chini ya soli kwa skrubu tatu, mtu akikanyaga, kipande huingia kwenye pedali kwa mlio wa "ta!", na akitaka kutoka anazungusha kisigino kwenda nje. Mwaka uliofuata Bernard Hinault alishinda Tour de France akiwa na pedali hizo, na vizimba vikaanza kuonekana vya kizee. Mwaka 1990 Shimano wa Japani wakaleta mfumo wao, wenye kipande kidogo cha chuma kinachojificha ndani ya soli, skrubu mbili tu, ili mtu akishuka aweze kutembea kama binadamu badala ya kutambaa kama kaa. Wakafuata wengine, kila mmoja na umbo lake. Kipande cha huyu hakiingii kwenye pedali ya yule. Na wapo wasiotaka kunaswa kabisa, hasa wanaoteremka milimani kwenye mawe: hao hutaka pedali pana, bapa, yenye meno madogo ya kung'ata soli ya raba.

Hapo ndipo swali la muuzaji linapopata uzito wake. Pedali ya kunasa ni nusu ya kifaa. Nusu ya pili iko chini ya kiatu cha mteja, na kiatu kiko nyumbani kwa mteja, pengine amekivaa miaka mitano kikashika umbo la mguu wake. Nilijiuliza mbona kiti hakiachwi. Kiti nacho ni siri ya mtu na makalio yake, na hakuna kiti kinachomfaa kila mmoja. Lakini kiti hakidai kuoana na kitu kingine kilicho kabatini kwako. Hata kikikuumiza, unaweza kukikalia mpaka nyumbani. Pedali isiyooana na kiatu chako haikufikishi popote kwa raha. Muuzaji akikufungia pedali ya aina moja, amekuchagulia na kiatu. Na ukiwa na kiatu cha aina nyingine, amekuuzia takataka kwa bei ya mali. Kwa hiyo baiskeli za watoto, za kwendea sokoni, za bei ya kawaida, huja na pedali zake. Bei inapopanda, pedali hutoweka. Anayelipa zaidi ndiye anayepewa pungufu, kwa kumheshimu.

Lakini mimi nimekulia karibu na mizani ya wanunuzi wa machungwa, na heshima yenye faida ndani yake huitazama mara mbili. Baiskeli ghali hununuliwa kwa uzito kama dhahabu, ila kinyume chake: nyepesi ndiyo ya thamani. Katika mbio rasmi, shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, limeweka kiwango cha kilo 6.8, baiskeli isipungue hapo. Ukisoma orodha za bei za watengenezaji, mara nyingi utakuta uzito umeandikwa na pembeni yake maneno madogo kwamba pedali hazimo. Jozi ya pedali ina gramu mia mbili na ushei, mia tatu, wakati mwingine zaidi. Ni kama muuza samaki anayepima nguru baada ya kumkata kichwa, kisha akakutangazia jinsi alivyo mwepesi. Na kila jozi isiyofungwa ni gharama ambayo mtengenezaji hakuitoa. Kwa hiyo tundu lile ni adabu, na ni hesabu pia. Sioni tabu kuamini yote mawili. Mwenyeji anayekuuliza kama unakula pilipili amekuheshimu, na pengine pia hana pilipili ndani.

Jambo lililonikaa zaidi halikuwa hesabu. Lilikuwa kwamba swali lenyewe lina dhana ndani yake. "Unavaa kiatu gani?" huulizwa mtu ambaye tayari ana kiatu. Tundu tupu linamkaribisha mwenyeji wa mambo, yule aliyekwisha kuwa na baiskeli tatu na pedali za akiba kwenye boksi. Kwa mgeni wa fani, tundu lile lile ni mlango uliofungwa. Mpwa wangu alisimama pale dukani na raba zake za kazini, zile nyeupe za wodini, akazitazama, akaona kwa mara ya kwanza kwamba kumbe hakuwa na jibu.

* * *

Marehemu baba, babu yake mpwa wangu, alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alinunua Raleigh nyeusi, na bahati ya mambo, Raleigh ilitoka Nottingham. Kiwanda kilichukua jina la mtaa wa mji huo ambako kilianzia miaka ya 1880, na katika miaka ya 1950 kilikuwa kikitoa baiskeli zaidi ya milioni moja kwa mwaka, nyingi zikipakiwa melini kwenda makoloni. Uundaji wa baiskeli pale ulikwisha mwaka 2002. Mahali palipokuwa na karakana zake sasa kuna majengo ya chuo kikuu, na mpwa wangu hupita hapo akienda kazini bila kuona hata msumari wa kumkumbusha babu yake.

Baiskeli ya baba ilikuwa na duara la mnyororo lililotobolewa kwa umbo la vichwa vya korongo, ndege wa nembo ya kiwanda. Ilikuwa na keria ya kubebea gunia, dinamo, kengele yenye sauti ya kiungwana, na pedali zenye vipande viwili vya mpira mweusi wenye mifereji. Pedali hizo hazikuuliza swali lolote. Asubuhi zilipokea viatu vya ngozi vya karani. Alasiri jirani aliazima baiskeli kupeleka machungwa stesheni, zikapokea mabuti yake ya mpira yenye tope. Jioni zilinipokea mimi, pekupeku, mguu wa kulia nimeupenyeza chini ya bomba la juu la fremu kwa sababu kiti kilikuwa juu mno kwangu, mwili umepinda upande mmoja, naendesha huku natazama chini kama mtu aliyedondosha shilingi. Nusu ya wanaume wa rika langu walijifunza baiskeli hivyo, na makovu wanayo.

Kisha pedali zikaanza kuliwa. Mpira ulikwenda kwanza, kipande kimoja, halafu kingine. Kikafuata kibati kilichoshika mpira. Mwishowe ikabaki ekseli tupu, ufito wa chuma usiozidi kidole, uliosuguliwa na nyayo mpaka ukang'aa kuliko kitu kingine chochote kwenye baiskeli. Sidhani kama kuna msomaji wa huku asiyeijua pedali ya namna hiyo. Anayeikanyaga kwa kandambili, baada ya miezi michache, soli yake huchimbika mfereji katikati, kutoka upande huu hadi ule. Msikitini, kwenye rundo la kandambili mlangoni, ungeweza kuzitambua za mwenye baiskeli bila kumwona mwenyewe. Kule Ulaya kiwanda kinatengeneza kipande cha kuoanisha soli na pedali. Kwetu pedali ilijichongea yenyewe.

Tofauti ni kwamba ndoa ile hakuna aliyetuuliza kama tunaitaka.

Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipoamua kuifungua pedali ya kushoto ili niitie grisi, kwa spana ya baba na bila ruhusa yake. Nilizungusha kama nilivyojua kufungua kila kitu duniani, kinyume cha saa. Haikulegea. Nikaongeza bomba juu ya spana. Kitu kikalia ndani, nikafurahi, nikaendelea. Jioni fundi baiskeli wa chini ya mwembe, karibu na stendi, alitazama hesi zilizosagika, akanitazama mimi, akamwambia baba atalipa mkono mpya. Halafu akaniita nikae karibu.

"Kijana, kulia na kushoto si ndugu wa tumbo moja," akasema. Akachukua penseli iliyokuwa sikioni mwake, akaitia ndani ya ngumi aliyoilegeza. "Shika huku mwisho. Izungushe kama unavyonyonga, duara, duara, ikisugua ndani ya ngumi yangu. Sasa angalia penseli yenyewe."

Nikaangalia. Mkono wangu ulikuwa ukienda duara upande mmoja, na penseli, ikibiringika ndani ya ngumi, ilikuwa ikijizungusha taratibu upande wa pili.

Ndivyo ilivyo kwenye tundu la pedali. Hata hesi ikikaza vipi, kuna nafasi ndogo isiyoonekana kwa macho, na uzito wa mguu unaozunguka huibiringisha ekseli ndani ya nafasi hiyo, kidogo kidogo, kinyume cha mzunguko wa uzito huo ndani ya tundu. Kwa hesi ya kawaida, pedali ya kulia hujikaza yenyewe. Pedali ya kushoto ingepewa hesi hiyo hiyo, ingejifungua njiani na kukuacha na mguu hewani. Ndiyo maana ya kushoto huchongwa hesi ya kinyume. "Usihangaike na kulia na kushoto," fundi akamaliza. "Simamisha spana juu. Ukikaza, zote mbili peleka mbele. Ukifungua, zote rudisha nyuma. Basi. Safari ni mbele." Akarudisha penseli sikioni. Mimi nililala na njaa usiku ule, lakini somo nilishiba.

* * *

Tundu lile lina kipimo. Upana wake ni 9/16 ya inchi, na hesi zake ni 20 kwa kila inchi. Wafaransa zamani walikuwa na kipimo chao cha milimita 14, na baadhi ya baiskeli za Marekani, hasa za watoto, zina tundu dogo zaidi, la nusu inchi. Ukiziacha hizo, baiskeli iliyoundwa Nottingham enzi za baba, Phoenix ya Shanghai, Hero ya Ludhiana, na hiyo ya kijani ya mpwa wangu zote zina tundu moja.

Kwa asiyeijua biashara ya baiskeli hili ni jambo dogo. Lakini baiskeli ya leo imejaa ugomvi wa vipimo. Gololi za katikati, pale mikono ya pedali inapopita kwenye fremu, zina vipimo visivyohesabika, kila kampuni na chake, na mafundi wa Ulaya huvilaani kama wetu wanavyolaani spea za bandia. Ekseli za magurudumu hali kadhalika, na mabomba ya kiti pia. Katika vurugu yote hiyo tundu la pedali limebaki pale pale, halina mwenyewe, halina jina la kampuni.

Nilipolielewa hilo, hasira yangu ya kwenye simu ikaisha. Pedali inaweza kuachwa kwa sababu tundu lake limekubaliwa. Kama kila kiwanda kingekuwa na hesi yake, kila baiskeli ingelazimika kuja na pedali zake, mnunuzi angefungwa nazo mpaka mwisho, na hakuna muuzaji ambaye angethubutu kumuuliza mtu habari ya kiatu. Uhuru wa kuchagua cha kuweka pale umesimama juu ya kitu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukichagua. Nimeona mambo ya watu yakienda hivyo pia. Tunaweza kukaa msibani na watu wa kila dini, kila mmoja akaomba kwa maneno yake, kwa kuwa tumekubaliana bila kuandikiana kwamba jirani akifiwa unakwenda. Pakikosekana makubaliano hayo ya chini, hata swali la heshima hugeuka ugomvi.

Na pedali yenyewe, nikitazama nyuma zaidi, ilikuja kwa kuchelewa. Tarehe 12 Juni 1817 Karl Drais alitoka Mannheim, Ujerumani, juu ya chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, akasukuma ardhi kwa miguu kama anayekimbia akiwa amekaa, akaenda na kurudi mwendo wa kilomita zipatazo kumi na tatu kwa muda wa saa moja hivi. Hakikuwa na pedali, na hakuna aliyekiona kina upungufu, kwa kuwa pedali ilikuwa haijafikiriwa. Ilikuja miaka ya 1860 huko Paris, ikafungwa kwenye gurudumu la mbele, na mnyororo wa kuvuta gurudumu la nyuma ukashika nafasi ya mpango huo katika miaka ya 1880. Alichokigundua Drais kilikuwa kigumu zaidi: kwamba magurudumu mawili yaliyofuatana hayaanguki, mradi yaende.

Huko Goma, Kongo, jambo hilo wanalijua kwa mabega yao. Chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani mpana, hubeba magunia ya viazi, makaa na saruji kwenye barabara za mawe ya volkano. Hakina pedali na hakijawahi kuwa nazo. Mlimani kinasukumwa, mteremkoni mwenyewe anapiga goti juu yake na kukiacha kiende. Mji ulikijengea sanamu. Na watoto wadogo wa Ulaya leo wananunuliwa baiskeli zisizo na pedali kwa makusudi, wajifunze kwanza kukaa sawa, kunyonga baadaye. Mimi nilijifunza kunyonga kwanza, nikiwa nimejikunja chini ya bomba, na kukaa sawa kukanijia mwaka uliofuata. Naona wao wamepata mpangilio mzuri zaidi, ingawa hawana makovu ya kusimulia.

* * *

Muuzaji wa Nottingham hakumwacha mpwa wangu aondoke akiikokota. Aliinama chini ya kaunta, akavuta boksi. Lilikuwa limejaa pedali nyeusi za plastiki, bapa, nyepesi, zile ambazo baadhi ya watengenezaji hutia kwenye mfuko ili baiskeli ijaribiwe, na ambazo wateja wenye viatu vyao huzifungua siku hiyo hiyo na kuziacha dukani. Akatafuta jozi, akahakikisha moja imeandikwa L na nyingine R, akazifunga. Hakutoza hata senti. Pedali ambazo hakuna aliyezitaka, zilizotengenezwa kwa kiatu chochote, ndizo zilizomtoa mpwa wangu dukani akiwa juu ya baiskeli.

Alizitumia miezi minne. Kisha wenzake wakamshawishi, akanunua viatu vyenye kipande chini ya soli, na pedali za kunasa. Siku ya kwanza alifika kwenye taa za barabarani, zikawa nyekundu, akafunga breki vizuri kabisa, akasahau kuzungusha kisigino. Baiskeli ilisimama. Naye akaanguka nayo, polepole, kama mgomba uliokatwa, mbele ya kituo cha basi kilichojaa watu. "Mjomba, nilikuwa na muda wa kufikiri kabisa," aliniambia. "Najiona naanguka, na mguu uko ndani." Wenzake walipomwona na kiwiko kilichochubuka walishangilia. Kila mmoja wao alikwisha kuanguka hivyo mara moja. Ndipo alipojua kwamba sasa swali la muuzaji angeweza kulijibu.

Desemba alikuja likizo. Kwenye begi, katikati ya chokoleti na dawa za bibi yake, alikuwa amefunga jozi ile ya plastiki kwa gazeti. "Hizi za baiskeli ya babu," akasema. Raleigh ya baba bado iko, chini ya paa la jiko. Fremu haina rangi ya kutajika, dinamo lilipotea zamani, na pedali zake ni zile zile mbili za ufito.

Tukaikokota mpaka chini ya mwembe. Fundi wa penseli alishatangulia mbele ya haki. Aliyekaa pale ni kijana aliyejifunza kwake. Ekseli za zamani zilikuwa zimeshikwa na kutu. Akazinywesha mafuta ya taa, akatuacha tunywe kahawa, akarudi na spana ndefu. Nilimtazama mikono. Alisimamisha spana juu, akairudisha nyuma, upande huu na upande ule, bila kufikiri. Ya kulia ikatoka. Ya kushoto ikalia, nami moyo ukanidunda kama mtoto wa miaka kumi na moja, ikatoka nayo. Hesi za tundu zilikuwa nzima.

Akazipaka grisi zile pedali mpya. Akaanza na ya kulia, kwa vidole tu. Iliingia bila spana, mzunguko baada ya mzunguko, kama iliyokuwa ikitarajiwa. Plastiki iliyotupwa na mtu asiyejulikana Nottingham ikakaa kwenye chuma kilichotoka Nottingham zaidi ya miaka sitini nyuma. Fundi akakaza kwa spana, akaizungusha pedali kwa kidole, akaiinamia asikilize. Kisha ya kushoto.

Mpwa wangu akaishika baiskeli, akarusha mguu juu ya bomba, akapotea nayo kuelekea stendi, kengele inalia. Alikuwa amevaa kandambili.